Je, ni kweli Roma iliangushwa na zinaa?

Makala haya nayaandika kwa sababu ya swali ambalo mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza nikashindwa kulijibu. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na kwa miaka kadhaa kila nilipofika kwenye mada ya maadili ya jamii nilikuwa na mfano mmoja nilioupenda sana. Nilikuwa nasema: "Itazameni dola ya Warumi. Ilitawala dunia, kisha wakubwa wake wakazama katika zinaa na anasa, ikaanguka." Mfano huo niliusikia kwanza katika mihadhara, kisha nikausikia tena chuo kikuu kwa watu wasiokuwa Waislamu kabisa. Ni mfano mtamu. Ukiutoa, darasa zima hunyamaza.

Siku hiyo kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Ustadh, ilianguka mwaka gani?" Nikamwambia 476. "Na hao watawala wazinifu ni akina nani?" Nikamtajia Caligula na Nero. "Wao walitawala mwaka gani?" Hapo nikakwama. Nilijua kwamba ni zamani, lakini sikujua ni zamani kiasi gani. Nikamwambia tutalizungumza kipindi kijacho, nikafuta ubao.

Nilikwenda kusoma. Niliyoyakuta yamenilazimisha kuuacha mfano wangu, na kwa kuwa najua wapo walimu na makhatibu wengi wanaoutumia mpaka leo, nimeona si vibaya kuyaeleza hapa.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Caligula alitawala kuanzia mwaka 37 hadi 41 miladia, na Nero kuanzia 54 hadi 68. Toka kufa kwa Nero hadi 476 ni miaka 408. Katikati hapo dola haikudhoofika tu moja kwa moja. Mtawala Trajan alipokufa mwaka 117, karibu miaka hamsini baada ya Nero, dola ilikuwa imefikia ukubwa ambao haikuwahi kuufikia kabla yake. Mwaka 380 Theodosius aliufanya Ukristo kuwa dini rasmi, kwa hiyo dola iliyoanguka 476 ilikuwa ni dola ya Kikristo yenye sheria kali za mambo ya ndoa na zinaa. Tena iliyoanguka ni nusu ya magharibi tu. Nusu ya mashariki, iliyokuwa na makao yake Constantinople, ndiyo hiyo Rum tunayoisoma katika Surat ar-Rum, na ndiyo ya Heraclius, yule Hiraqli wa vitabu vya sira. Hiyo ilidumu mpaka 1453 ilipochukuliwa na Sultan Muhammad al-Fatih. Sasa mtu anayesema Roma iliangushwa na zinaa za akina Nero atuambie imekuwaje maradhi hayo yakachukua miaka mia nne kumuua mgonjwa upande mmoja, na karibu miaka 1,400 upande wa pili.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi si miaka. Ni kwamba hao wakubwa wa Roma, kwa maneno yao wenyewe, hawakuwa watu waliodai kuwa zinaa ni halali. Walikuwa wakiipiga vita, wakiitungia sheria, na wakiitumia kuchafuliana majina.

Hebu tazama habari hizi za Caligula, Nero na Tiberius tumezipata wapi. Kwa sehemu kubwa zimetoka kwa waandishi kama Tacitus, ambaye alikuwa mjumbe wa Seneti, na Suetonius, ambaye alikuwa karani wa mtawala Hadrian. Wote wawili waliandika miongo mingi baada ya hao wanaowaandika kufa, na wote walitoka katika tabaka ambalo watawala hao walilinyanyasa. Sisemi kwamba waliongopa yote, wala sisemi kwamba Caligula alikuwa mcha Mungu. Nasema kwamba mtu hatukanwi kwa jambo ambalo jamii yake haioni aibu. Kama Warumi wangekuwa hawana haya, basi kumwandika mtawala kuwa mzinifu kusingemdhuru chochote. Ukweli kwamba tusi hilo liliuma unaonesha walikuwa na kipimo. Swali ni kipimo gani.

Walikuwa na neno lao, pudicitia. Kwa Kiswahili ukitaka kulifasiri itabidi uchukue haya, staha na kujihifadhi uviweke pamoja. Walilithamini kiasi cha kulifanya mungu wa kike na kumwekea mahali pa ibada. Na hapo hapo kwenye ibada ndipo kipimo chao kinapoanza kuonekana. Mwanahistoria Livy anasimulia kuwa mwaka 296 kabla ya Miladi (K.M.) mwanamke aitwaye Verginia, wa ukoo mkubwa, alikatazwa na wenzake kuingia kwenye ibada hiyo. Hakuwa amefanya uchafu wowote. Kosa lake ni kwamba aliolewa na mwanamume asiyekuwa wa koo kubwa, ingawa mwanamume huyo, Lucius Volumnius, alikuwa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa nchi. Verginia alirudi nyumbani, akakata sehemu ya nyumba yake, akajenga madhabahu ya pudicitia ya watu wa kawaida. Kwa maneno mengine, hata kumwabudu mungu wa staha kulitaka kwanza uulizwe wewe ni wa nani.

Sisi watu wa pwani tunalo neno linaloweza kutusaidia kuwaelewa. Leo tukisema fulani ni muungwana tunamaanisha ana adabu. Lakini asili ya neno ni mtu huru, asiye mtumwa. Maana mbili hizo zilikaa pamoja, kana kwamba adabu ni mali ya walio huru. Warumi walifikiri hivyo hivyo, tena waliliandika katika sheria. Staha ilikuwa ni haki ya muungwana: mke wake, binti yake, mtoto wake wa kiume. Mtoto wa kiume wa kiungwana alivalishwa kidani shingoni kiitwacho bulla na nguo yenye ukingo wa zambarau, ili kila amuonaye ajue huyu haguswi. Ilikuwepo sheria maalumu iliyomlinda. Mke wa muungwana naye alikuwa na vazi lake refu, stola, lililosema hivyo hivyo. Mtumwa hakuwa na vazi linalosema lolote.

Hapa ndipo sisi tunapokosea tunapowasoma kwa miwani yetu. Sisi tunauliza: je, tendo hili ni la halali au la haramu? Wao hawakuuliza hivyo. Waliuliza: huyu aliyetendewa ni nani, na huyu mtendaji ni nani? Mwanamume muungwana akimwendea mke wa mwenzake ni jinai. Akimwendea mjakazi wake, au kijana wa kiume aliye mtumwa wake, au akienda danguroni, sheria haikuwa na habari naye. Labda rafiki zake wangemcheka akizidisha, wakasema hana uwezo wa kujizuia, au anatapanya mali ya baba yake. Na mwanamume mzima aliye huru akikubali yeye mwenyewe kutumiwa, basi alidharauliwa mno, kwa sababu alijiweka mahali pa mtumwa.

Mfano wa kisa cha Lucretia unalieleza hili kuliko maelezo yangu. Warumi walikipenda kisa hiki na kukisimulia kwa watoto wao: mtoto wa mfalme alimwingilia mke wa mtu kwa nguvu, mke akajiua kwa kulinda heshima yake, wananchi wakakasirika wakaufuta ufalme, na hilo kwa hesabu yao lilikuwa mwaka 509 K.M. Lakini angalia namna alivyomshinda. Alipomtishia kifo, Lucretia alikataa. Ndipo akamwambia kuwa atamuua, kisha atamuua na mtumwa, amlaze uchi pembeni yake, ili isemwe kuwa alifumaniwa na mtumwa. Hapo ndipo alipokubali. Katika kisa chote hicho mtumwa huyo ni kitu cha kutishia tu. Angeuawa bila kosa lolote, na wasimuliaji hawasimami hata kidogo kumwonea huruma.

Mtu ambaye nimemsoma kwa makini zaidi ni Cato, yule anayeitwa Cato Mkubwa, aliyeishi kati ya 234 na 149 K.M. Huyu ndiye waliyemwona kigezo cha maadili. Mwaka 184 K.M. alichaguliwa kuwa msimamizi wa maadili na sensa ya raia, mwenye uwezo wa kumtoa mtu Seneti, na akamtoa mjumbe mmoja aitwaye Manilius, ambaye watu walitarajia angekuwa konsuli, kwa kosa la kumbusu mkewe mchana mbele ya binti yao. Nakiri kwamba niliposoma hapo nilimpenda Cato. Nikasema huyu angefaa kuwa mjumbe wa kamati ya maadili ya shule yetu.

Kisha nikaendelea kusoma. Mwandishi wa habari zake ni Plutarch, Mgiriki aliyemheshimu. Anasema Cato aliamini kuwa watumwa wa kiume hufanya maovu kwa sababu ya matamanio, kwa hiyo akaweka utaratibu: waruhusiwe kulala na wajakazi wa nyumbani kwa kulipa kiasi maalumu cha fedha. Mlezi wa maadili ya Roma alikuwa akitoza kiingilio nyumbani kwake. Wajakazi wenyewe hawakuulizwa. Na katika masimulizi mengine tunaambiwa kuwa alipomuona kijana wa kiungwana akitoka danguroni alimsifu, kwa kuwa ni bora huko kuliko kwa wake za watu. Inasemekana alipomuona tena na tena ndipo akamwambia kuwa alimsifu kwa kupita pale, si kwa kuhamia.

Alipofiwa na mkewe, Cato alikuwa akiletewa mjakazi chumbani kwa siri. Nyumba ilikuwa ndogo, na mwanawe alikuwa ameoa binti wa jemadari Aemilius Paulus, wanaishi humo humo. Siku moja mjakazi huyo alipita mbele ya chumba cha kijana kwa maringo, na kijana hakusema neno, alimtazama kwa uchungu akageuza uso. Mzee akaelewa. Hakusema kitu, akashuka sokoni na wafuasi wake kama kawaida, njiani akamwita karani wake wa zamani, Salonius, akamuuliza kama binti yake amekwisha kupata mchumba. Yule akajibu hawezi kumwoza bila ya kumshauri yeye. Cato akamwambia mchumba amepatikana, ila ni mzee sana, akajitaja mwenyewe. Akaoa, akazaa mtoto wa kiume.

Kisa hiki nimekisoma zaidi ya mara tatu. Mwana alikasirika kwa ajili ya heshima ya mke wake, mgeni wa nyumba. Baba aliona aibu mbele ya mwanawe. Karani alipata mkwe mkubwa. Kila mmoja heshima yake iliangaliwa. Aliyebaki nje ya hesabu ni mmoja tu.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye alikuja Augustus, mtawala wa kwanza, ambaye aliamua kulifanya jambo la maadili kuwa kazi ya serikali. Mwaka 18 K.M. alitoa sheria mbili kubwa, moja ya kuhimiza ndoa na nyingine ya kuadhibu zinaa. Kabla ya hapo zinaa ilikuwa ni suala la familia. Sasa ikawa na mahakama yake. Mwanamke aliyetiwa hatiani alipoteza nusu ya mali aliyoingia nayo katika ndoa na theluthi ya mali yake nyingine, akapelekwa kisiwani. Mwanamume alipoteza nusu ya mali yake, akapelekwa kisiwa kingine. Mume aliyejua na kunyamaza, asimuache mkewe na kumshitaki, aliweza kushitakiwa yeye kwa ukuwadi. Baba aliyemfumania bintiye aliruhusiwa kuwaua wote wawili. Mume hakuruhusiwa kumuua mkewe; na yule mwanamume aliruhusiwa kumuua tu kama ni mtu duni, mfano mtumwa au mwigizaji wa michezo. Tazama tena: hata katika ghadhabu ya fumanizi mtu alitakiwa aangalie kwanza huyu ni wa daraja gani.

Mke hakuruhusiwa kumshitaki mumewe. Na walikuwepo wanawake ambao sheria ilihesabu kuwa zinaa haiwezi kutendwa juu yao: wajakazi, makahaba, wenye madanguro. Msomaji asidhani kuwa hii ilikuwa ni huruma. Maana yake ni kwamba hawana cha kuharibiwa.

Sheria hiyo haikumheshimu aliyeitunga. Augustus mwenyewe, kwa mujibu wa Suetonius, alikuwa na wake za watu, na hata rafiki zake hawakukanusha. Walisema tu kuwa alifanya hivyo kwa sababu za kisiasa, ili ajue siri za waume zao. Mkewe Livia alimchukua mwaka 38 K.M. kutoka kwa mume wake akiwa mjamzito. Mwaka 2 K.M. binti yake wa pekee, Julia, alituhumiwa uzinifu, na baba akampeleka kisiwa cha Pandateria, ambacho leo kinaitwa Ventotene. Mwaka wa 8 miladia mjukuu wake, naye Julia, akapelekwa kisiwani kwa tuhuma kama hizo. Mwaka wa 9 ikaongezwa sheria nyingine ya kuwabana wasiooa na wasiozaa, ikaitwa kwa majina ya makonsuli wawili wa mwaka huo, Papius na Poppaeus. Wote wawili hawakuwa na mke wala mtoto. Mwandishi Cassius Dio alilisema hilo zamani, na sina la kuongeza.

Kisa cha Vistilia ndicho wanafunzi wangu walichokipenda. Huyu alikuwa mwanamke wa familia kubwa. Mwaka 19, wakati wa Tiberius, alikwenda kwa maofisa wa jiji akajiandikisha kuwa kahaba. Makahaba walikuwa na daftari lao, na wazee wa zamani waliona kwamba aibu ya kulitamka jambo hilo mbele ya ofisa ni adhabu tosha. Lakini faida yake ilikuwa hii: kahaba hashitakiwi kwa zinaa. Mwanamke alikubali kuvua uungwana wake ili atoke katika sheria inayowalinda, na kuwafunga, waungwana. Seneti ilitaharuki. Mumewe, Titidius Labeo, aliitwa kueleza kwa nini hakumshitaki, akajibu kuwa zile siku sitini anazopewa mume hazijaisha. Vistilia alipelekwa kisiwa cha Seriphos huko Ugiriki, na Seneti ikapitisha kuwa mwanamke ambaye babu yake, baba yake au mume wake ni wa tabaka la wapanda farasi, lile linalofuata baada ya tabaka la wajumbe wa Seneti, haruhusiwi kuuza mwili wake. Ukisoma haraka utasema wamepiga marufuku ukahaba. Hawakuupiga marufuku. Waliupiga marufuku kwa mabinti zao.

Ukahaba wenyewe uliendelea, tena serikali ikiupatia kodi. Caligula ndiye aliyeanza kuwatoza, na kodi hiyo haikufa pamoja naye. Katika mji wa Palmyra huko Syria, ambao Waarabu wanauita Tadmur, lilichongwa jiwe la ushuru mwaka 137, na humo, pamoja na ushuru wa ngamia, mafuta na ngozi, umo ushuru wa makahaba, umepangwa kulingana na bei ya kila mmoja. Jiwe hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Hermitage, Urusi. Wengi wa wanawake hao walikuwa watumwa, na fedha ilikuwa ya bwana. Huko Bulla Regia, Tunisia, wachimbuaji walikuta mifupa ya mwanamke yenye kola shingoni, na kwenye kola maandishi yanayomwita mzinifu na kahaba na kumtaka anayemuona amkamate kwa kuwa ametoroka.

Alikuwepo msemaji mmoja wa mahakamani zama za Augustus, Haterius, ambaye alilitamka wazi lile ambalo wenzake walilitenda bila kulitamka. Akimtetea mtumwa aliyeachwa huru ambaye alisimangwa kwa kutumiwa na bwana wake, alisema kuwa jambo hilo kwa muungwana ni kosa, kwa mtumwa ni lazima, na kwa aliyeachwa huru ni wajibu wa kumlipa fadhila bwana wake wa zamani. Watu walimcheka, na neno wajibu likawa la mizaha mjini. Walichocheka ni namna alivyosema. Alichokisema kilikuwa ndiyo sheria ya nyumba zao.

Na watoto? Mtoto alifuata hali ya mama. Bwana akizaa na mjakazi wake, mtoto ni mtumwa wa baba yake mzazi, anaweza kumuuza.

Tusiwasahau wake za wakubwa, maana nao walikuwa na mzigo wao. Aemilia, mke wa jemadari Scipio aliyemshinda Hannibal, alijua kuwa mumewe ana mjakazi. Alinyamaza asimvunjie heshima. Mume alipokufa, alimwacha huru mjakazi huyo akamwoza kwa mtumwa mwingine aliyekuwa ameachwa huru. Waandishi wa Kirumi wanamsifu Aemilia kwa subira kwa mumewe. Mimi namsifu kwa kile alichomfanyia yule mjakazi, ambacho wao wanakitaja kama kiambatanisho tu.

Sasa isidhaniwe kwamba hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyeliona kasoro hili. Alikuwepo Musonius Rufus, mwanafalsafa wa karne ya kwanza, naye alitoka katika tabaka hilo hilo la wapanda farasi. Nero alimpeleka uhamishoni kisiwa cha Gyaros. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Epictetus, aliyezaliwa mtumwa. Musonius alifundisha kuwa mwanamume hana ruhusa nje ya ndoa yake, si kwa mke wa mtu, si kwa kahaba, si kwa mjakazi wake mwenyewe. Wasikilizaji wake walikuwa na jibu lao: mjakazi ni mali yangu, namdhulumu nani? Naye akawageuzia: je, mkeo akimwendea mtumwa wa kiume aliye mali yake, utasema hajamdhulumu mtu? Na kama utakasirika, basi unakiri kwamba mwanamke anaweza kujizuia kuliko wewe, nawe ndiye unayedai kumtawala. Hoja hii haina jibu, na sikukuta kwamba wakubwa wa Roma walijaribu kuijibu. Waliiacha ipite.

Mabadiliko yalikuja, lakini kwa kuchechemea. Mtawala Vespasian, aliyetawala 69 hadi 79, aliamua kuwa mjakazi aliyeuzwa kwa sharti la kutofanywa kahaba, bwana mpya akilivunja sharti hilo, mjakazi anakuwa huru. Ni uamuzi mzuri, ingawa ulitegemea muuzaji awe na huruma ya kuliweka hilo sharti. (Vespasian mwenyewe, baada ya kufiwa, aliishi na Caenis, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa, karibu kama mke; lakini sheria ya Augustus ilizuia wajumbe wa Seneti kuoa wanawake waliotoka utumwani.) Mwaka 326 Constantine, ambaye Wakristo wanamhesabu kuwa wao, alitoa sheria kuwa mke wa mwenye kilabu cha pombe anaweza kushitakiwa kwa zinaa, lakini mhudumu anayewamiminia wateja hawezi, kwa sababu maisha yake ni duni mno kustahili kuangaliwa na sheria. Dini ya mtawala ilikuwa imebadilika. Kipimo kilikuwa kile kile cha Cato. Mpaka mwaka 428 ndipo Theodosius wa Pili alipoamuru kuwa baba au bwana anayemlazimisha binti yake au mjakazi wake kwenye uchafu anapoteza mamlaka juu yake. Miaka zaidi ya 300 toka Musonius.

Hayo ndiyo niliyorudi nayo darasani. Niliwaambia wazi kuwa nilichowafundisha mwanzo hakikuwa sahihi, na kwamba sababu za kuanguka kwa nusu ya magharibi ni vita vya wenyewe kwa wenyewe, makabila yaliyovuka mipaka, kupotea kwa majimbo ya Afrika Kaskazini pamoja na kodi zake, na mengine ambayo wanahistoria wanabishana mpaka leo. Zinaa nikaiondoa kwenye orodha. Baadhi yao walisononeka, na mwalimu mwenzangu mmoja alinilaumu kuwa nimewanyang'anya mfano mzuri. Nilimjibu kuwa mfano tuliokuwa nao ulitufundisha kumcheka Nero. Huu wa sasa unatufundisha kumtazama Cato, na Cato ni mgumu kumcheka kwa sababu anafanana na watu tunaowaheshimu.

Kijana wa nyuma hakuridhika. Akauliza: "Ustadh, na masuria wa Unguja je?" Sikuona sababu ya kulikwepa. Nilimwambia tofauti ipo na ni kubwa: kwa sheria yetu mtoto wa suria na bwana wake ni huru na anarithi, na mama yake hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar toka 1870 hadi 1888, alikuwa mtoto wa suria. Roma angezaliwa mtumwa. Lakini nikamwambia pia kuwa amri ya 1897 ya kuondoa utumwa Zanzibar iliwaacha nje masuria, wakasubiri mpaka 1909, na kwamba msichana aliyenunuliwa hakuulizwa anataka nini, kule wala huku. Najua wapo watakaoninunia kwa sentensi hiyo ya mwisho.

Kisha akataka kujua yule mjakazi wa nyumbani kwa Cato aliitwa nani, na alikwenda wapi baada ya mzee kuoa. Nilifungua kitabu mbele yao tukatafuta pamoja. Jina la karani limo. Jina la mtoto aliyezaliwa limo. Mtoto huyo akazaa, na katika kizazi chake akatoka Cato mwingine maarufu, naye yumo. Kengele ikalia tukiwa bado tunapekua.